Ramses II alitawazwa mwaka gani? Vitabu vitatu, majibu matatu

Mwalimu mmoja wa sekondari, mkazi wa Tanga, ameandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia, na nina vitabu vitatu vinavyozungumzia Misri ya kale. Cha kwanza kinasema Ramses II alishika ufalme mwaka 1304 KK, cha pili 1290, cha tatu 1279. Wanafunzi wameniuliza kipi ni cha kweli, nikakosa la kusema. Je, wataalamu wanabahatisha? Na hizo nasaba thelathini alizihesabu nani, Wamisri wenyewe au Wazungu? Pia kuna aliyeniuliza Farao wa Musa alikuwa yupi kati yao."

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kuwa na wanafunzi wanaolinganisha vitabu. Niseme mapema ili upate cha kuwapelekea: hakuna aliyebahatisha. Miaka yote mitatu imetoka kwenye andiko moja, mstari mmoja tu, unaohusu mwezi wa angani. Karatasi moja imezaa majibu matatu, na ni matatu tu, si manne wala kumi. Hilo ndilo la kuwaeleza. Ila ili tufike hapo lazima tupite kwa Maneto, kwa ng'ombe wa Khufu, kwa fahali aliyezikwa Saqqara na kwa nyota moja ya alfajiri. Vuta kiti.

Nasaba thelathini alizipanga Mmisri. Jina lake Maneto, kuhani mzaliwa wa Sebennytos katika delta ya Nile, aliyeishi karne ya 3 KK, enzi za akina Ptolemaio, Wagiriki waliorithi nchi baada ya Aleksanda. Aliandika historia ya kwao kwa Kigiriki, akawagawa wafalme katika nasaba 30. Ya 31, ya Waajemi waliorejea kwa muda mfupi kabla ya Aleksanda, iliongezwa baadaye kwa mkono wa mwingine. Wazungu wa karne ya 19 waliikuta hesabu hiyo tayari, wakaifuata, na sisi hatujaiacha. Kitabu chenyewe kimepotea. Kilichobaki ni dondoo zilizonukuliwa na wengine: Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 BK, Africanus wa karne ya 3, Eusebius wa karne ya 4, na mtawa Syncellus wa Konstantinopoli, ambaye yuko mbali na Maneto kwa zaidi ya miaka elfu moja. Unajua namba zinavyoharibika zikinakiliwa kwa mkono. Nasaba ya 7 imetufikia ikiwa na wafalme 70 waliotawala siku 70, na hapo hakuna anayethubutu kujumlisha.

Na kujumlisha ndiko kulikowapoteza wengi. Ukichukua miaka ya nasaba zote za Maneto ukaiweka mmoja baada ya mwingine, kama mabehewa ya treni, Misri inarefuka kupita kiasi. Nasaba nyingi zilitawala kwa wakati mmoja, kila moja na sehemu yake ya nchi. Wahyksos, watawala wageni waliotoka Asia, wa nasaba ya 15, walikuwa Avaris kwenye delta huku nasaba ya 17 ikitawala Thebes kusini. Karne ya 8 KK ni hivyohivyo. Mfalme Piye wa Kush, kutoka Napata katika Sudan ya leo, aliposhuka na jeshi lake kwenda kaskazini, jiwe lake la ushindi lilionyesha wafalme wanne wa Misri wakiwa hai kwa wakati mmoja, kila mmoja akijiita mfalme. Kwa hiyo nasaba za 22, 23, 24 na 25 zinapandana kama vigae vya paa. Usidhani pia kwamba nasaba ni lazima iwe damu mpya. Ahmose, aliyeanzisha nasaba ya 18, alikuwa wa ukoo uleule wa nasaba ya 17. Maneto alikata hapo kwa sababu ndiye aliyewatoa Wahyksos.

Sasa Wamisri wenyewe, walipokuwa hai, walihesabuje? Hawakuwa na mwaka wa kuanzia kama wetu wa kuzaliwa Kristo, wala kama Hijra. Mfalme akiingia, mwaka wa 1. Akifa, mrithi wake anaanza tena na mwaka wa 1. Mwandishi aliandika "mwaka wa 5, mwezi wa pili wa mavuno, siku ya 10, chini ya mfalme fulani", na kwake hiyo ilitosha, maana kila mtu alijua mfalme ni nani. Hapo mwanzo kabisa, enzi za nasaba mbili za kwanza, hata namba haikuwapo: mwaka uliitwa kwa tukio lake, kama wazee wetu wanavyosema fulani alizaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa. Jiwe la Palermo, ambalo kipande chake kikubwa kiko Sicily na vingine Cairo na London, limechorwa visanduku vidogo, kila kisanduku mwaka mmoja: sherehe, sanamu iliyochongwa, vita, na chini yake kimo cha maji ya Nile mwaka huo. Jiwe hilo lingekuwa zima, nusu ya matatizo yangu yangekwisha.

Katika Ufalme wa Kale, enzi za mapiramidi makubwa, wakaanza kuhesabu kwa sensa ya ng'ombe. Serikali ilihesabu mifugo ili itoze kodi, mara nyingi mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Basi mwaka uliitwa "mwaka wa hesabu ya 7", na unaofuata "mwaka baada ya hesabu ya 7". Hapa ningependa ukae kidogo na wanafunzi wako, kwa sababu tunao ushahidi wa ajabu. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, timu ya Mfaransa Pierre Tallet ilipata karatasi za mafunjo ambazo hadi leo ndizo za kale kuliko zote zenye maandishi. Mojawapo ni shajara ya Merer, msimamizi wa kikosi cha mabaharia. Siku kwa siku anaandika: leo tumepakia mawe Tura, leo tumelala njiani, leo tumefika kwenye piramidi la Khufu. Karatasi hizo zina tarehe ya mwaka baada ya hesabu ya 13 ya ng'ombe. Ikiwa sensa ilikuwa kila baada ya mwaka mmoja, huo ni mwaka wa 26 au 27 wa Khufu. Linganisha: Maneto anampa Khufu miaka 63, Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, 50, na orodha ya kifalme iliyoko Turin, Italia, 23. Mpakia mawe mmoja ameipita ile 23 ya Turin. Lakini tazama neno "ikiwa". Kuna wafalme ambao sensa zao zilifuatana mwaka hadi mwaka, na hapo utawala wa mtu unaweza kuwa karibu nusu ya tulivyodhani. Hii ni sababu mojawapo ya miaka ya mapiramidi kuyumba kwa vizazi viwili au vitatu.

Hiyo orodha ya Turin ni hazina iliyovunjika. Ni karatasi ya mafunjo ya wakati wa Ramses II huyuhuyu, iliyoandikwa nyuma ya hati ya kodi, na iliwataja wafalme kuanzia miungu hadi karibu na Ufalme Mpya (nasaba ya 18 hadi ya 20), tena kwa miaka, miezi na siku. Ilifika Italia katika mkusanyo wa Bernardino Drovetti ikiwa vipande vipande, na watu wamekaa miaka mia mbili wakivipanga kama wanaounga kikombe kilichovunjika. Orodha nyingine zilichongwa hekaluni, na hizo zina kasoro ya namna yake: zilikuwa za ibada, si za historia. Seti I, baba yake Ramses, aliorodhesha Abydos majina 76 ya wafalme wa kupewa sadaka. Hatshepsut hayumo. Akhenaten hayumo, Tutankhamun hayumo, Ay hayumo. Walitupwa kwa makusudi.

Utupaji huo uliacha jeraha kwenye hesabu, na mfano wake ni Horemheb, mfalme wa mwisho wa nasaba ya 18. Kaburini mwa mtu aitwaye Mes, huko Saqqara, kuna maandishi ya kesi ya shamba, na ndani yake linatajwa jambo lililotokea "mwaka wa 59 wa Horemheb". Miaka 59? Makarani walikuwa wamempa Horemheb miaka yote ya Akhenaten na waliomfuata, ili ionekane kana kwamba hawakuwahi kukanyaga duniani. Ukiwatoa hao, Horemheb anabaki na miaka kama 27, na vitabu vingi vya zamani vikaandika hivyo. Halafu kaburi lake katika Bonde la Wafalme likasafishwa upya mwaka 2006 na 2007, na humo wakaokota vigae vya mitungi ya mvinyo. Wamisri waliandika begani mwa mtungi mwaka wa mavuno, shamba la zabibu na msimamizi wake, kama tunavyosoma tarehe kwenye mfuko wa unga. Vigae vya Horemheb vina mwaka wa 13 na mwaka wa 14. Kisha kimya. Mfalme aliyetawala miaka 27 angezikwa na mvinyo wa miaka 14 tu, uliokwisha kuwa siki? Mimi nawaamini watu wa mvinyo kuliko karani wa kesi ya shamba. Na ukimpunguzia Horemheb, waliomtangulia nao wanasogea. Ndiyo maana kitabu kimoja kitakwambia Tutankhamun alifariki 1327 KK na kingine 1323.

Kufikia hapa tuna mnyororo wa wafalme, tunajua nani alimfuata nani, ila mnyororo unaning'inia hewani. Lazima uufunge kwenye nguzo. Nguzo imara kabisa ni mwaka 664 KK.

Tuanzie chini. Kwamba Kambisi wa Uajemi aliiteka Misri mwaka 525 KK hatuna shaka nalo, kwa sababu katika mwaka wa 7 wa Kambisi mwezi ulipatwa, na kupatwa huko kumeandikwa na Ptolemaio mnajimu wa Aleksandria na pia kwenye bamba la udongo la Babeli. Hesabu za anga zinatupa siku yenyewe: 16 Julai 523 KK. Kupanda kutoka hapo tunawapanda wafalme wa nasaba ya 26 mmoja mmoja, na wanaotushika mkono ni fahali.

Memphis palikuwa na fahali mtakatifu, Apis, mmoja kwa wakati. Akifa alizikwa kwa heshima kubwa Saqqara, katika mapango yaliyofunguliwa na Auguste Mariette mwaka 1851, na bamba la jiwe likaandikwa wasifu wake kama wa mtu. Bamba mojawapo linasema fahali alizaliwa mwaka wa 53 wa Psamtik I, akafa mwaka wa 16 wa Neko II, akiwa ameishi miaka 16, miezi 7 na siku 17. Fanya hesabu ubaoni na wanafunzi: hiyo haiwezekani isipokuwa Psamtik I alitawala miaka 54 kamili, bila mfalme mwingine kuingia katikati. Bamba lingine ni la fahali aliyezaliwa mwaka wa 26 wa Taharqa, akafa mwaka wa 20 wa Psamtik I, umri miaka 21. Kwa hiyo Psamtik I anaanza 664, na Taharqa, yule mfalme wa Kush anayeitwa Tirhaka katika Biblia, anaanza 690. Mtu hakuwa amekusudia kutuachia kalenda. Alikuwa anamlilia fahali.

Hata hapo lakini angalia. Baada ya Taharqa alikuwepo mpwa wake Tanutamani, na Thebes iliendelea kumtambua yeye mpaka 656 KK, mwaka wa 9 wa Psamtik. Bamba la Memphis halimtaji kabisa. Mwaka mmoja, wafalme wawili, na wote wawili ni wa kweli.

Ukipanda juu ya 690, ardhi inaanza kuwa laini. Tunapata msaada kwa majirani. Biblia inasema Shishaki mfalme wa Misri alipanda juu ya Yerusalemu mwaka wa 5 wa Rehoboamu, na karibu sote tunakubali kwamba ni Shoshenq I, mwanzilishi wa nasaba ya 22, kwenye miaka ya 920 KK. Wafalme wa Israeli na Yuda wamefungwa kwa Waashuru, na Waashuru wamefungwa kwa kupatwa kwa jua kwa tarehe 15 Juni 763 KK. Kwa hilo Shoshenq I tunamweka karibu na 943 au 945 KK. Na hapa nimjibu yule mwanafunzi wa Farao wa Musa. Biblia inawataja kwa majina Shishaki, Tirhaka, Neko na Hofra. Mfalme wa wakati wa Musa haimtaji jina, wala Kurani haimtaji. Inasema Firauni tu, ambacho ni cheo. Kwa upande wa Misri hakuna andiko la tukio hilo lenye mwaka. Kwa hiyo katika kazi hii ya miaka hatuwezi kufunga kamba kwake, na anayekuuzia jina la Ramses kama jambo lililothibitishwa anakuuzia dhana.

Sasa tupande angani. Kalenda ya kiserikali ya Misri ilikuwa na miezi 12 ya siku 30, na siku 5 za ziada mwishoni: siku 365, basi. Misimu mitatu ya miezi minne minne: Akheti ya gharika, Pereti ya kuota, Shemu ya mavuno. Siku ya nyongeza ya kila mwaka wa nne hawakuwa nayo. Ninyi watu wa pwani hamhitaji kuelezwa sana, kwa sababu mabaharia wetu nao walihesabu siku 365 kuanzia Nairuzi, miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, bila nyongeza, na Makunduchi bado wanauoga mwaka huo kwa Mwaka Kogwa. Sisemi hesabu yetu ilitoka Misri. Jina Nairuzi lenyewe linaelekeza Uajemi. Nasema tu kwamba umbo ni lilelile, na tabia ni ileile: mwaka wa namna hiyo unateleza siku moja kila miaka minne ukilinganishwa na jua. Baada ya karne kadhaa mwezi unaoitwa wa gharika unaangukia kwenye kiangazi.

Kuteleza huko ndiko saa yetu. Nyota Sirius, ambayo Wamisri waliiita Sopdet na Wagiriki Sothis, hupotea machoni kwa takriban siku 70, kisha asubuhi moja huchomoza tena alfajiri kabla tu ya jua, wakati maji ya Nile yanakaribia kupanda. Siku hiyo haitelezi. Kalenda ndiyo inayoteleza chini yake, na itachukua miaka kama 1460 wakutane tena. Mwandishi wa Kirumi Censorinus, aliyeandika mwaka 238 BK, anatueleza kwamba mwaka 139 BK walikutana: mwaka mpya wa Misri na kuchomoza kwa Sirius siku moja. Rudi nyuma mzunguko mmoja, ni karibu 1322 KK. Rudi mwingine, ni karibu 2780 KK.

Kisha ukapatikana, katika karatasi za hekalu la Lahun karibu na Fayum, waraka wa mkuu wa hekalu akimjulisha kuhani aliye chini yake kwamba Sopdet itachomoza siku ya 16 ya mwezi wa nne wa Pereti. Ni mwaka wa 7 wa mfalme ambaye, kwa mwandiko na karatasi zilizoambatana nao, ni Senusret III wa nasaba ya 12. Tufanye hesabu. Siku hiyo ni ya 226 ya mwaka, yaani kalenda imeteleza siku 225. Mara nne, miaka 900. Toa kwenye 2780, unapata karibu 1880 KK. Wanajimu wakirekebisha vitu vidogovidogo wanafika 1872. Nilipofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza kwa mkono wangu, sikulala vizuri usiku ule kwa furaha. Karani wa hekalu alikuwa anapanga sadaka za sikukuu, na kumbe ameandika mwaka wake.

Ila lipo swali ambalo ninyi mnalijua kila Ramadhani ikikaribia: mwezi umeandama wapi? Umeonekana kwetu au Saudia? Sirius nayo ni hivyo. Ukienda kusini nyuzi moja ya latitudo, inaonekana siku moja mapema hivi, na siku moja katika hesabu hii ni miaka minne. Kama mwangalizi alikuwa Memphis, jibu ni 1872. Kama alikuwa Elephantine, karibu na Aswan, jibu linashuka kwa miaka thelathini na kitu. Waraka hausemi alikuwa wapi. Mafunjo ya Ebers, yenye kuchomoza kwa Sirius katika mwaka wa 9 wa Amenhotep I, yana ugomvi uleule: Memphis au Thebes, na tofauti ni kama miaka 20.

Basi tumeufikia mwezi wako, ndugu yangu. Wamisri walikuwa pia na mwezi mwandamo kwa ajili ya ibada, lakini wao hawakungoja hilali jioni kama sisi. Mwezi wao mpya ulianza asubuhi ile ambayo hilali ya mwisho, iliyokonda mashariki kabla ya jua, haikuonekana tena. Kuna karatasi ya mafunjo iliyoko Leiden, Uholanzi, yenye kumbukumbu za chombo cha majini zilizoandikwa Pi-Ramses, mji mkuu wa Ramses, na humo imeandikwa kwamba mwaka wa 52 wa Ramses II, mwezi wa pili wa Pereti, siku ya 27, ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi mwandamo. Ndiyo hiyo. Ndiyo karatasi iliyozaa vitabu vyako vitatu.

Kwa nini matatu? Chukua miaka 25 ya Kimisri: 25 mara 365 ni siku 9125. Miezi mwandamo 309 ni siku 9124.95. Zinalingana, zinapishana kwa saa moja na kitu. Maana yake tarehe ya mwezi kwenye kalenda ya Misri inajirudia ileile kila miaka 25. Halafu kuna mizunguko miwili ya ndani, wa miaka 11 na wa miaka 14, ambapo inajirudia kwa kukosea siku moja hivi, na siku moja ni rahisi kupotea kukiwa na wingu au vumbi asubuhi. Sasa toa: 1304 kutoa 1290 ni 14. 1290 kutoa 1279 ni 11. Kumi na nne na kumi na moja ni 25. Mwaka 1285 hauwezi, 1300 hauwezi, mwezi unaukataa. Na Thutmose III naye ana tarehe zake za mwezi, mojawapo ikiwa siku ya vita vya Megiddo katika mwaka wake wa 23, iliyochongwa kwenye kuta za Karnak. Miaka inayomfaa kutawazwa ni 1504, 1490 na 1479. Tazama jinsi inavyokwenda na ya Ramses: miaka 200 kila mara. Ukimchagulia mmoja, umemchagulia na mwenzake.

Kuchagua kati ya mitatu hakutoki angani, kunatoka kwa majirani na kwa mitungi. Barua za Amarna, yaani barua za wafalme wa nje kwa mafarao kwenye mabamba ya udongo, zilizopatikana 1887, zinawaweka Akhenaten na Ashur-uballit I wa Ashuru pamoja, na orodha za Waashuru zinamweka huyo katikati ya karne ya 14. Mkataba wa amani wa Ramses na Hattusili III wa Wahiti (watu wa Hatti, katika Uturuki ya leo), wa mwaka wa 21 wa Ramses, unamfunga Ramses na wafalme wa Hatti na Babeli. Ukianzia 1304, unabaki na miaka mingi kati ya Ramses na Shoshenq isiyo na mfalme wa kuijaza, na lazima uwarefushie watu utawala bila ushahidi. Vitabu vya zamani vilipenda miaka ya juu, lakini kwa sababu hiyo, kwa miongo kadhaa sasa wengi wetu tumeshuka hadi 1279. Ramses alitawala miaka 66 na ushei, basi anaishia 1213 KK.

Kaboni 14, njia ya maabara ya kupima umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai, nayo imetoa ushahidi, tena ushahidi mzito. Mwaka 2010 timu iliyoongozwa na Christopher Bronk Ramsey wa Oxford ilitangaza vipimo 211 vya mimea: mbegu, vikapu, matete, vitu vilivyoishi muda mfupi, si mbao za mti mkongwe ambazo huzeesha jibu. Walivitoa kwenye makumbusho ya nje, kwa kuwa Misri hairuhusu vitu vya kale kutolewa nchini kwa kupimwa. Ufalme Mpya ulianza kati ya 1570 na 1544 KK. Djoser, mwenye piramidi la ngazi, alishika ufalme kati ya 2691 na 2625 KK. Mwaka 2013 vipimo vingine vikamweka Aha, mfalme wa mwanzoni kabisa, kati ya 3111 na 3045 KK. Kaboni haiwezi kuamua kati ya 1290 na 1279, upana wake haujafika hapo. Lakini imefunga mlango kwa wale waliotaka kuisogeza Misri nzima kwa karne mbili tatu.

Kwa darasa lako, kuanzia 664 KK kuja chini, hadi Kleopatra anapofariki mwaka 30 KK, andika miaka bila wasiwasi. Kati ya Shoshenq na Thutmose III andika "takriban" na ujue kosa ni miaka kumi na kitu kwa wengi. Kwa Ufalme wa Kati, enzi za akina Senusret III, ni miongo michache, kwa Ufalme wa Kale inaweza kuzidi nusu karne, na kwa Aha unazungumzia vizazi. Mfuatano wa wafalme wakubwa uko imara zaidi kuliko miaka yao; huo wafundishe kwa sauti ya kujiamini.

Ukutani weka 1279 hadi 1213 KK. Vile viwili vya zamani usivitupe. Cha 1290, kwa wafalme kuanzia Thutmose III hadi Ramses II, kipunguzie 11. Cha 1304 kipunguzie 25. Kwa akina Akhenaten na Tutankhamun jibu litakuwa la karibu tu, kwa ajili ya yale ya Horemheb, na kufikia Shoshenq I usipunguze kitu, maana huko vitabu vinakaribiana vyenyewe. Waanze na Thutmose III. Kitabu cha kwanza kikisema 1504 na cha pili 1490, waambie watoe, na wote watakutana 1479.